Taa ya injini ni shahidi, isihukumiwe

Katika dashibodi ya karibu kila gari lililoundwa katika miaka ishirini na mitano iliyopita mna taa ndogo ya manjano yenye mchoro wa injini. Madereva wetu huiita taa ya cheki injini. Ikiwaka na kukataa kuzimika, mwenye gari hushikwa na wasiwasi, na wasiwasi huo, hatuna budi kusema, umekuwa shamba ambalo wengine huvuna bila ya kupanda. Makala haya twayaelekeza kwa wananchi wenzetu wa Unguja na Pemba wenye magari, walioko nyumbani na walioko Bara, na vilevile kwa wakuu wa ofisi ambao hutia saini hati za malipo ya matengenezo ilhali hawajui kilichotengenezwa.

Jambo lililotuchochea kuandika tulilikuta Tandale, katika Wilaya ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Tandale si mahali pageni kwa watu wa Visiwani. Wengi wamefika kwenye soko lake la nafaka, na wengi wana jamaa zao waliopanga katika nyumba zilizobanana kati ya Manzese, Magomeni na Sinza, ambako Mto Ng'ombe umezoea kufurika wakati wa masika na kuingia majumbani bila ya kubisha hodi. Pembezoni mwa njia zake, chini ya miti na mabati, mna gereji zile ambazo kwa lugha ya mji huitwa gereji bubu, kwa kuwa hazina leseni wala kibao. Jina hilo latushangaza kidogo, maana nyundo zake zasikika tangu alfajiri. Lakini tusizidharau. Humo ndimo yanamotengenezwa magari ya watu wa kipato cha chini, na humo mna mafundi ambao elimu yao ya mikono hatujapata kuiona katika karakana nyingi zenye sakafu ya vigae.

Ndugu mmoja mzaliwa wa Wete, ambaye jina lake twalihifadhi, anaendesha teksi hapo Tandale. Gari ni Toyota ndogo, nayo si mali yake. Ni mali ya mjomba wake aliyeko Pemba, aliyelinunua kwa fedha ya karafuu za misimu miwili. Kila wiki mpwa humpelekea mjomba hesabu yake kwa simu, na kinachobaki ndicho kinachomlisha yeye, mkewe na watoto. Mambo yalikwenda salama mpaka siku ile taa ilipowaka.

Fundi wa kwanza aliunganisha mashine ya kupimia chini ya usukani, akatazama kioo chake, akatamka neno moja: sensa. Ikanunuliwa sensa mpya ya oksijeni, ikafungwa, taa ikazimika. Siku ya nne ikawaka tena. Fundi wa pili akasema kuwa ile iliyonunuliwa ilikuwa feki, na kwamba ni heri kununua iliyotumika kutoka Dubai kuliko mpya ya bandia. Ikanunuliwa. Taa ikazimika siku tatu, ikarudi. Fundi wa tatu naye akauza ya tatu. Katika muda wa miezi mitano hesabu ya mjomba ilikatwa mara tatu, na petroli ikawa inaliwa kupita desturi. Mjomba, ambaye hajapata kuiona sensa kwa macho yake, akaanza kuwauliza jamaa wengine kwa chini chini kama kijana hakuoa mke wa pili huko mjini.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Gari limekuwa njia ya kuwaunganisha jamaa walioko Visiwani na walioko Bara katika kazi moja, na uaminifu wao wategemea karatasi za risiti za vitu ambavyo hakuna kati yao avijuaye. Ujinga wa kitu kidogo kama kidole waweza kuvunja udugu uliojengwa kwa miaka.

Sasa hiyo sensa ni kitu gani? Kwanza tuondoe mchanganyiko wa maneno: hii siyo ile sensa ya Agosti 2022 tuliyohesabiwa sote pamoja na makazi yetu. Hii huhesabu oksijeni tu. Ni kijiti cha chuma kisichozidi kidole cha mkono, kilichokazwa katika bomba la moshi karibu na injini. Ndani yake mna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu. Upande mmoja wa kikombe hugusa moshi utokao katika injini, na upande wa pili hugusa hewa ya nje. Kikombe hicho kikipata joto la kiasi cha nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi, hutoa umeme mdogo kwa kadiri ya tofauti ya oksijeni baina ya pande zake mbili. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, umeme huwa kama volti 0.1. Oksijeni ikiwa haba, umeme hufikia volti 0.9. Kompyuta ya gari, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi, husoma umeme huo na kuongeza au kupunguza petroli, ili kila gramu 1 ya petroli ichomwe kwa gramu 14.7 za hewa. Injini ikiwa nzima, umeme huo hupanda na kushuka bila kutulia, juu na chini ya volti 0.45, mfano wa mizani ya muuza duka iliyo katika kutafuta usawa. Magari mapya zaidi yana aina nyingine yenye kipimo kipana, ila kazi ni ile ile.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoibuni, na gari la kwanza kuuzwa likiwa nayo lilikuwa Volvo, mwaka 1976, kwa ajili ya soko la Marekani, ambako jimbo la California lilikuwa limechoshwa na moshi wa magari. Wakati huo sisi huku tulikuwa na Land Rover, Peugeot 504 na Bedford za mbao za kwenda shamba, zenye kabureta ambayo fundi aliirekebisha kwa bisibisi na sikio. Hata kama ingeletwa kwetu, sensa isingalidumu. Petroli yetu ya siku hizo ilikuwa na madini ya risasi, nayo risasi huiua sensa. Ni baada ya Azimio la Dakar la Juni 2001 ndipo nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilipofanya jitihada ya pamoja, na kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi ikawa imeondolewa. Tabia ya mafundi ya kuiona sensa kuwa ni kitu chepesi cha kufa yawezekana ilianzia katika zama hizo, wakati magari ya mitumba ya Japani yalipokuwa yakiingia kwa wingi na kunyweshwa mafuta yaliyokuwa sumu kwake. Mafuta yamebadilika. Tabia imebaki.

Katika madrasa tuliyosomea, mwalimu wetu alitufunza mapema kwamba jambo la deni latakiwa mashahidi wawili, na kwamba shahidi si mdaiwa. Mtu hashikwi kwa kuwa ameona. Twaona fundisho hilo lafaa sana kutundikwa katika gereji. Sensa ya oksijeni ni shahidi aliyewekwa mlangoni kutazama kinachotoka. Akisema, "Moshi huu una oksijeni nyingi," aghalabu asema kweli. Kazi ya fundi ni kuuliza oksijeni hiyo imetoka wapi. Sasa fundi anapomng'oa shahidi na kuweka mwingine mahali pake, shahidi mpya naye husimama mlangoni, huona yale yale, na kusema yale yale. Ndiyo sababu taa hurudi.

Mtauliza, mbona ilizimika siku tatu au nne? Ilizimika kwa sababu fundi alifuta kumbukumbu kwa mashine, au alichomoa nyaya za betri. Kontrol boksi iliyofutwa huanza kujifunza upya, na kwa kasoro nyingi haiwashi taa mpaka iione kasoro ile ile katika safari mbili zinazofuatana. Mteja huondoka akishukuru. Na katika kufuta huko hupotea pia ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati kasoro ilipotokea: mwendo wake, joto lake, mzigo wake. Huo ni ushahidi uliochomwa moto kabla ya kesi kusikilizwa.

Yafaa wasomaji wajue pia kwamba shahidi huyu ana udhaifu mmoja wa kimaumbile. Yeye huona oksijeni peke yake, petroli haioni. Plagi moja ikiwa imekufa, silinda yake haichomi. Petroli yote ya silinda hiyo hutoka mbichi, na oksijeni yote hutoka bila kutumika. Sensa huiona oksijeni hiyo, hutoa habari kwamba petroli ni kidogo, na kontrol boksi kwa utiifu wake huongeza petroli juu ya petroli. Gari hunuka mafuta, hula mafuta, na mashine husema mafuta hayatoshi! Kadhalika bomba la moshi likiwa na tundu mbele ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani baina ya pumzi moja ya injini na nyingine, na shahidi huiona hewa hiyo akadhani imetoka katika injini. Hapa wenzetu wa Visiwani wasikilize vizuri. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula bomba la moshi, hula gasketi yake, na hugeuza ncha za nyaya kuwa na kutu ya kijani. Gari lililokaa miaka kumi Nungwi au Mkoani haliwezi kupimwa kwa dhana zile zile za gari lililokaa Dodoma.

Tulipofika Tandale, yule ndugu wa Wete alikwisha pata habari za mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari, mwenye benchi lake chini ya mwembe. Tulikwenda naye. Alimwamkia shikamoo, akaeleza habari yake yote, na kumwonyesha sensa zile mbili za zamani zilizofungwa katika gazeti.

"Fundi, mzee wangu," akasema, "safari hii nikinunua ya nne, mjomba ataniondoa kwenye gari."

"Mwanangu, mimi siuzi sensa," yule mzee akajibu. "Washa gari tusikilize kwanza."

Mzee huyo alikuwa na mashine ndogo isiyo ya fahari, inayozungumza na simu yake ya mkononi. Ilitoa namba P0171. Tulimwomba atufasirie. Namba hiyo, akasema, haitaji sensa popote. Yasema tu kwamba mchanganyiko una hewa iliyozidi, upande wa kwanza wa injini. Mafundi watatu walikuwa wameisoma namba hiyo hiyo, na kila mmoja akaifasiri kuwa amri ya kununua. Kisha akafungua ukurasa mwingine, ambao wale watatu hawakuufungua, unaoonyesha kontrol boksi inaongeza petroli kwa asilimia ngapi kupita kawaida yake. Injini ikinguruma polepole, nyongeza ilikuwa asilimia 24. Akamwambia dereva akanyage mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishikilia hapo. Nyongeza ikashuka hadi 7.

Twapenda kulieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa ndilo kiini cha ufundi wenyewe. Nyongeza isiyozidi asilimia 10 hivi haina neno. Ikizidi sana wakati injini imepoa mwendo na kupungua inapoongezwa mwendo, maana yake kuna mahali hewa inavujia ndani kwa wizi. Injini ikivuta hewa kidogo, hewa ya wizi huwa sehemu kubwa. Ikivuta nyingi, ya wizi huwa si kitu. Lakini mambo yakiwa kinyume, nyongeza ikawa ndogo gari lisimamapo na kubwa likimbiapo, basi mtuhumiwa ni pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au kile kifaa cha kupimia hewa kilichoshika vumbi. Kwa hesabu hii ya dakika mbili, isiyohitaji kununua kitu, nusu ya watuhumiwa huachiwa huru.

Mzee akatafuta hewa ya wizi. Akachukua koleo, akawa anabana mpira mmoja baada ya mwingine, akiacha, akisikiliza. Alipoubana mpira mfupi unaopitisha pumzi za ndani ya injini kuzirudisha kwenye njia ya hewa, mngurumo ulibadilika, na namba katika simu ikaanza kuteremka mbele ya macho yetu. Aliuchomoa. Upande wa juu ulikuwa mzima. Upande wa chini, ambao jicho haliufikii, ulikuwa na ufa wa urefu wa nusu kidole. Huyo ndiye shahidi wa pili. Bei ya mpira mpya haikufikia nauli ya kwenda na kurudi Pemba kwa boti.

Hatukuandika haya ili kusema kwamba sensa haifi. Hufa, na kuna dalili za mauti yake. Namba P0135 huhusu waya wa kuipashia joto, na hapo fundi mwangalifu hutazama fyuzi na nyaya kabla ya kuilaumu sensa yenyewe. Ikifunguliwa na kukutwa na masizi meusi makavu, ilikuwa ikipumua petroli iliyozidi. Kasoro iko mbele yake. Ikiwa na ukoga mweupe, huenda injini inakunywa maji ya rejeta kwa gasketi iliyoungua, au kuna fundi aliyepaka gundi ya silikoni isiyofaa, ambayo mvuke wake huipofusha. Kubadilisha sensa pasipo kuondoa sababu ni kumpeleka askari wa pili mahali alipouawa wa kwanza. Na wengi wa mafundi wetu hukata soketi na kusokota nyaya kwa utepe, au kuzichomea kwa risasi. Katika sensa nyingi ile hewa ya nje ya kulinganishia hupenya kupitia humo humo ndani ya nyaya, hivyo ukiziziba umeinyima pumzi. Mafuriko ya Tandale nayo yana sehemu yake: soketi iliyolala katika maji ya tope husema uongo kwa miezi.

Kuhusu mafuta tutapita upesi. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli na dizeli ulikuwa balaa kubwa Bara, mpaka mamlaka ya EWURA ilipoanzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuyatia mafuta alama, na Serikali ilipopandisha mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ili wachanganyaji wasipate faida. Visiwani tuna ZURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Dereva ambaye taa yake iliwaka mara tu baada ya kujaza tangi atunze risiti yake ya kituo.

Lipo jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita upesi, nalo ni la masega. Nyuma ya sensa ya kwanza, katika bomba la moshi, mna chombo chenye kauri ya vitundu vingi mfano wa sega la nyuki, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kuzigeuza hewa za sumu za moshi, hasa ile kabonimonoksidi isiyo na harufu, ziwe hewa zisizodhuru hivyo. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 20,000 za Marekani kwa wakia moja katika soko la dunia. Habari hizo hazikuchelewa kufika vichochoroni. Leo mwenye gari huambiwa, "Mzee, sega limeziba, ndilo linalokula mafuta," na kwa ridhaa yake hukatwa, huwekwa bomba tupu, naye hulipishwa kazi ya kukata! Sega huuzwa kwa wanunuzi ambao bei yake ya kweli wanaijua wao. Sega huweza kuziba kweli, hatukatai, lakini kuziba hupimwa kwa mgandamizo wa moshi, halithibitiki kwa maneno.

Baada ya hapo sensa ya pili, iliyoko nyuma ya mahali pa sega, huona moshi mchafu ule ule uonwao na sensa ya kwanza. Taa huwaka kwa namba P0420. Mwananchi huuziwa sensa ya nyuma, ambayo haikuwa na kosa. Isipofaa, huifungia kipande cha chuma ili kuisogeza mbali na moshi isione sawasawa, yaani shahidi hufungwa kitambaa cha macho. Na moshi huo huvutwa na nani? Huvutwa na watoto wa vichochoro vya Tandale, na hapa kwetu na wale wakaao katika njia nyembamba za Mji Mkongwe na foleni za Darajani.

Wapo pia wale wanaouza gari baada ya kuinyofoa taa yenyewe au kuiziba kwa rangi. Kuwagundua ni jambo jepesi, na twamwomba kila mnunuzi alifanye kabla ya kutoa hata shilingi moja. Fungua swichi bila ya kuwasha injini. Taa ya injini sharti iwake. Kisha washa injini, yapasa izimike. Ikiwa haikuwaka kabisa hapo mwanzo, wewe huuziwi gari zima, unauziwa gari lililokatwa ulimi. Na taa ikiwa inakonyeza, haiwaki moja kwa moja, jua kwamba injini inarusha moto na petroli mbichi inaliunguza sega: punguza mwendo na usimame mahali pa usalama. Madereva wengi hawaijui tofauti hiyo, na hakuna aliyewafundisha.

Hapo twafika kwa wakuu wetu. Magari ya umma nayo yana taa hizi, na hati za malipo zinazosomeka "kubadili sensa" hupita mezani kama maji. Twashauri kwamba asiidhinishe mkubwa yeyote malipo ya sensa mpaka aonyeshwe mambo matatu: namba iliyosomwa kabla ya kufuta, vipimo vya injini kabla na baada ya kazi, na sensa ya zamani yenyewe mkononi. Karatasi moja yatosha. Afisa hahitaji kuwa mhandisi ili aulize, "Ulipima nini?" Kwenye bandari zetu, mkaguzi wa magari ya mitumba hana taabu ya kutazama kama taa yawaka ikipaswa kuwaka, na kuinama chini kuona kama sega lingalipo. Na mnunuzi wa masega aandike daftari: ametoa nani, gari namba gani. Muuza mbuzi twamuuliza mbuzi katoka wapi, mbona huyu hatumuulizi?

Lakini lililo kubwa zaidi ni elimu, na elimu kwa lugha ya watu. Yule mzee wa chini ya mwembe alitusimulia kwamba alianza kwa magari ya Toyota ya miaka ya 1990, ambayo hayakuhitaji mashine. Fundi aliunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili katika kisanduku kilicho chini ya boneti, TE1 na E1, kisha akahesabu mikonyezo ya taa: miwili, kimya kidogo, mmoja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Alijifunza kwa kukariri, jinsi sisi tulivyokariri herufi ubaoni, maana vitabu vilikuwa vya Kijapani na Kiingereza. Magari yalipobadilika, baada ya Marekani kulazimisha mfumo mmoja wa namba mwaka 1996 na Ulaya kufuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, mashine zilikuja zikisema Kiingereza. Wale mafundi watatu waliomuuzia ndugu yetu sensa hatuamini kuwa wote walikuwa matapeli. Wawili huenda walisoma maneno wasiyoyaelewa, wakanunulisha walichokijua jina.

Tanzania ina VETA tangu mwaka 1994, ina Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hapo Mabibo, si mbali na Tandale. Zanzibar tuna taasisi ya Karume huko Mbweni na vituo vya mafunzo ya amali Unguja na Pemba. Tuna BAKITA na BAKIZA kwa upande wa lugha. Je, haiwezekani wakae meza moja, watoe kijitabu cha kurasa hamsini, Kiswahili kitupu, chenye namba mia moja zinazotokea sana, maana ya kila moja, na kipimo cha kufanya kabla ya kununua chochote? Na haiwezekani mwalimu wa chuo atoke Mabibo jioni mbili kwa mwezi, aende chini ya mwembe, afundishe na kufundishwa? Umbali ni mwendo wa miguu. Tulisema zamani kwamba kujitegemea ni kujua kutumia tulichonacho. Magari tunayo. Maarifa yake tunaendelea kuyaagiza pamoja na spea, na mara nyingi spea hufika peke yake.

Yule ndugu wa Wete alibadilishiwa mpira, namba ikafutwa baada ya kuandikwa kwenye daftari, na nyongeza ya petroli ikatulia kwenye asilimia 3. Tulipowasiliana naye wiki sita baadaye taa ilikuwa haijawaka. Sensa ya tatu bado iko garini na inafanya kazi, kama ambavyo ya kwanza ingalifanya kazi hadi leo. Zile mbili nyingine, pamoja na mpira uliopasuka, mjomba ameagiza zipelekwe Pemba kwa boti. Anataka kuziona mwenyewe.